Jeni na Ujenzi wa Silia na Flagela

Mada hii imekaa katikati ya sura mbili ambazo wanafunzi wengi huzisoma kana kwamba hazijuani. Moja ni muundo wa seli na protozoa, ambako ulichora paramesiamu mwenye vinyweleo pande zote na tripanosoma mwenye mkia mmoja. Nyingine ni jenetiki, ambako ulihesabu njegere za Mendel mpaka ukachoka. Swali linalowaangusha wengi ni lile linalouliza: kwa nini mtu mmoja anaweza kuwa na kikohozi kisichokoma tangu utotoni, akashindwa kuzaa, na moyo wake ukawa upande wa kulia? Mwanafunzi huandika magonjwa matatu tofauti na kupata alama moja. Chanzo ni kimoja, na kinaanzia kwenye jeni.

Najua mtihani utaufanya kwa Kiingereza. Elewa kwanza hapa kwa lugha unayofikiria, halafu rudi kwenye daftari lako ulinganishe majina. Anayekariri majina bila kuelewa husahau yote usiku wa kuamkia mtihani.

Silia na flagela ni nini

Ukichota maji ya kijani kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ukaweka tone moja chini ya hadubini, mara nyingi utaona viumbe wenye seli moja wakikimbia huku na huko. Baadhi husukumwa na flagela, yaani mkia mrefu, mmoja au michache. Wengine husukumwa na silia, ambazo ni fupi na nyingi. Katika mwili wako, kila seli yenye silia kwenye njia ya hewa ina silia kama 200 hadi 300, kila moja ikiwa na urefu wa mikromita 6 au 7, na hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Mkia wa mbegu ya kiume ni flagela yenye urefu wa karibu mikromita 50.

Ukikata silia na flagela kwa upana na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni, utashangaa: zinafanana. Ndani kuna jozi 9 za mirija midogo zilizopangwa duara, na katikati mirija 2 iliyosimama peke yake. Mpangilio huo huitwa 9+2, na mhimili wote huitwa aksonemu. Mirija hiyo imejengwa kwa protini iitwayo tubulini. Juu ya kila jozi kuna mikono midogo ya protini nyingine, daineini. Daineini hutumia nishati ya ATP kukamata jozi ya jirani na kuivuta. Kwa kuwa jozi zimefungwa pamoja, haziwezi kuteleza na kuachana, zinapinda. Kupinda huku, upande mmoja kisha upande wa pili, ndiko kupiga kwa silia.

Chora mchoro huu sasa, kabla hujaendelea. Duara, jozi 9, mirija 2 katikati, mikono ya daineini ikielekea upande mmoja. Ukiweza kuuchora bila kutazama kitabu, nusu ya mada umeimaliza.

Angalizo kuhusu bakteria. Flagela ya bakteria, kama ile moja ya bakteria wa kipindupindu, si ya aina hii. Imejengwa kwa protini iitwayo flajelini, haina 9+2 wala daineini, na haipindi kwa kuvutana. Inazungushwa kutoka kwenye kitako kama pangaboi. Jina ni moja, vitu ni viwili. Wasahihishaji hulipenda swali hili kwa sababu linawatenganisha waliosoma na waliosikia.

Seli inajengaje?

Hapa ndipo jeni zinaingia. Kila protini ya aksonemu ina jeni yake ndani ya kiini. Flagela moja huhitaji mamia ya protini. Kwa hiyo seli haiwezi kuwasha jeni moja moja kwa kubahatisha, inahitaji msimamizi. Kwa binadamu, mmoja wa wasimamizi hao ni jeni iitwayo FOXJ1, iliyo kwenye kromosomu namba 17. Protini yake hushika DNA na kuwasha kundi kubwa la jeni za silia zinazopiga. Seli ya ngozi yako ina jeni zote za silia, tena zote nzima, lakini haina silia zinazopiga kwa sababu jeni hizo zimezimwa. Seli ya njia ya hewa imeziwasha. Usiandike kamwe kwamba seli ya ngozi "haina jeni za silia". Hilo ni kosa la kukatwa alama.

Baada ya jeni kuwashwa, nakala za RNA hutoka kwenye kiini, na ribosomu katika saitoplazimu hutengeneza protini. Sentrioli husogea mpaka chini ya utando wa seli na kuwa kitako cha silia. Kutoka kwenye kitako hicho mirija huanza kurefuka kwenda nje.

Sasa fikiria tatizo ambalo seli inakutana nalo. Ndani ya flagela hakuna ribosomu. Protini zote zinatengenezwa chini, katika saitoplazimu, lakini flagela hurefuka kwenye ncha yake ya juu. Ni kama kujenga mnara wakati tofali zinafyatuliwa chini na fundi anajenga juu kabisa: lazima awepo wa kubeba. Mwaka 1993, katika maabara ya Joel Rosenbaum kwenye Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, watafiti waliona vifurushi vikipanda na kushuka ndani ya flagela ya mwani mdogo uitwao Klamidomonasi. Protini iitwayo kinesini hubeba mzigo kupanda. Daineini ya aina nyingine, si ile ya kupigisha, hurudisha vibebeo chini. Protini za usafirishaji huu nazo zina jeni zake. Jeni moja muhimu ya usafiri ikiharibika, flagela hukosa kujengwa au hubaki kisiki, hata kama tofali zote ziko tayari chini.

Jaribio linalofaa kukumbukwa

Klamidomonasi ana flagela mbili, kila moja kama mikromita 12. Zikikatwa zote, seli haifi. Inawasha jeni zake za flagela, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi flagela zinakuwa zimerudi karibu urefu wake.

Mwaka 1969 Rosenbaum na wenzake walichapisha matokeo mawili mazuri. La kwanza: walizuia seli kutengeneza protini mpya kwa dawa, kisha wakakata flagela zote mbili. Ziliota tena, lakini zikafika karibu nusu tu ya urefu wa kawaida. Maana yake ni nini? Seli ilikuwa na akiba ya protini katika saitoplazimu, akiba ya kutosha nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilihitaji jeni zifanye kazi upya. La pili: walikata flagela moja tu. Ile iliyobaki, ambayo haikuguswa, ilianza kufupika wakati ya jirani inaota. Zilipolingana zikaanza kurefuka pamoja. Mzima alimkopesha mgonjwa.

Ukipewa grafu ya jaribio hili kwenye mtihani, usikimbilie kueleza. Soma kwanza mhimili wa muda, tafuta mahali ambapo mistari miwili inakutana, kisha ndipo uandike.

Mfano wa karibu nasi: tripanosoma

Wafugaji wa Hanang na Mbulu hawahitaji kuelezwa ndorobo ni nini kwa ng'ombe. Kwa binadamu tunaita malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua malale baada ya kutembelea hifadhi za Serengeti na Tarangire, na Tarangire iko mkoani kwetu Manyara. Vimelea wanaosababisha malale hapa Tanzania ni tripanosoma wa aina ya Trypanosoma brucei, wanaoenezwa na mbung'o.

Tripanosoma ana flagela moja iliyoshikamana na mwili wake kwa urefu. Ina 9+2 kama ya kwako, na juu yake imeongezwa kitu ambacho wewe huna: fimbo ya protini inayokwenda sambamba na aksonemu. Mwaka 1998 Philippe Bastin, Trevor Sherwin na Keith Gull walionyesha kwamba kuzima jeni moja tu ya fimbo hiyo kunampooza kimelea. Vimelea waliopooza walizama chini ya chupa ya maabara, ingawa waliendelea kuishi na kugawanyika. Hao walikuwa wa hatua inayoishi ndani ya mbung'o. Mwaka 2006 kundi la Gull lilizima jeni za flagela kwa vimelea wa hatua inayoishi kwenye damu, na matokeo yakawa tofauti kabisa: walishindwa kumaliza kugawanyika, wakawa mabonge yenye flagela nyingi, wakafa.

Tulia hapo kidogo. Jeni za aina ileile, kimelea yuleyule, lakini kwenye damu kupooza kwa flagela ni kifo. Ndiyo maana watafiti wanaiangalia flagela kama mahali pa kulenga dawa. Ugumu wake umeshauona: sehemu kubwa ya flagela hiyo inafanana na silia za mgonjwa mwenyewe. Dawa inayogonga tubulini au daineini ya kimelea bila uangalifu inaweza kugonga pia mapafu ya mtoto. Fimbo ya pembeni, ambayo binadamu hatuna, inavutia zaidi.

Kuogelea kunamsaidia kimelea kwa njia nyingine pia. Kingamwili zinaponata juu ya ngozi yake, mkondo unaotokana na kuogelea kwake huzisukuma nyuma mpaka kwenye kifuko kilicho kwenye shina la flagela, na huko anazimeza. Ni kama mtu anayekimbia mvua ikamtiririkia mgongoni.

Orodha ya jeni za tripanosoma ilichapishwa mwaka 2005: karibu jeni 9,000 kwenye kromosomu kubwa 11. Vimelea waliotumika walitokana na mbung'o aliyekamatwa Kenya mwaka 1970, wakahifadhiwa na shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki lililokuwa Tororo, Uganda. Nakutajia hili kwa sababu wanafunzi hudhani sayansi ya jeni inatoka ng'ambo tu. Sampuli ilitoka hapa.

Na plazimodiamu wa malaria? Gameti dume wake huota flagela ndani ya tumbo la mbu. Seli moja hutoa gameti 8 kwa dakika kama 10 hadi 15. Haraka hiyo inawezekana kwa sababu anazijenga ndani ya saitoplazimu kwenyewe, mahali tofali zilipo, bila kutumia usafiri wa kupandisha mzigo. Jeni za usafiri huo hana kabisa. Hiyo inatosha kwa kiwango chako.

Jeni ikiharibika baada ya ujenzi

Swali hili hulikuti mara nyingi, lakini linapima kama umeelewa. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o dume zaidi ya milioni 8 walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi, wakaachiwa kisiwani Unguja kwa ndege. Madume hao waliwapanda majike wa porini, lakini mayai yaliyorutubishwa hayakukua. Mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa mwaka 1996, na Unguja ikawa huru.

Mionzi iliharibu kromosomu ndani ya mbegu. Kwa nini basi mbegu hizo ziliweza kuogelea na kulifikia yai? Kwa sababu mkia wa mbegu hujengwa kabla, wakati mbegu inakomaa. Mbegu iliyokomaa haisomi tena jeni zake ili kupiga mkia. Inatumia protini zilizokwisha jengwa. Ukiunguza ramani baada ya nyumba kuezekwa, nyumba haianguki. Lakini kiinitete kitakachoanza kujenga kwa ramani hiyo kitakwama.

Kwa binadamu: silia zisizopiga

Mwaka 1933 Manes Kartagener, daktari wa Uswisi, alieleza wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: uvimbe sugu wa sainasi, mapafu yaliyoharibika njia zake, na viungo vya ndani vilivyogeuzwa, moyo kulia na ini kushoto. Hakujua kiunganishi. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden alikipata. Alitazama mbegu za wanaume wasiozaa na silia zao kwa hadubini ya elektroni, akaona mikono ya daineini haipo. Mirija ipo, mikono haipo. Silia haiwezi kupiga.

Sasa kila dalili inajieleza. Silia za njia ya hewa zisipopiga, makohozi na vijidudu havisukumwi juu kuelekea kooni, kwa hiyo kikohozi cha majimaji hakiishi. Mkia wa mbegu usipopiga, mwanaume huenda asizae. Na moyo? Kiinitete kikiwa kichanga sana, kuna shimo dogo lenye silia zinazozunguka na kusukuma majimaji kwenda kushoto, jambo ambalo watafiti wa Japani walilionyesha kwa panya mwaka 1998. Mkondo huo ndio unaouambia mwili kushoto ni wapi. Silia zisipozunguka, viungo huchagua upande kama kurusha shilingi. Ndiyo maana karibu nusu tu ya wagonjwa wana moyo kulia. Nusu nyingine moyo uko mahali pake kwa bahati, na ugonjwa ni uleule.

Jeni ya kwanza ya ugonjwa huu ilitambuliwa mwaka 1999. Sasa zinajulikana zaidi ya 50. Moja inayohusika mara nyingi ni DNAH5 kwenye kromosomu namba 5, inayotoa sehemu kubwa ya mkono wa nje wa daineini. Ugonjwa ni adimu. Makadirio ya kawaida ni mtu 1 kati ya 10,000 hadi 20,000.

Niseme jambo moja nje ya mtaala. Mtoto anayekohoa makohozi kila siku tangu kuzaliwa, pua imeziba mwaka mzima, anastahili kupelekwa hospitali. Kupimwa kifua kikuu kwanza ni sahihi. Lakini vipimo vikirudi safi mara ya tatu na kikohozi kipo, asiambiwe tu kwamba ni vumbi. Na ndoa isipojaliwa mtoto, usikubali kusikia mke analaumiwa peke yake. Umeshasoma mwenyewe kwamba mkono mmoja wa protini ukikosekana kwenye mkia wa mbegu, tatizo liko kwa mume, tena si kosa lake.

Urithi wake

Karibu jeni zote za ugonjwa huu hurithiwa kwa aleli iliyofichika. Tuite aleli nzima D, na iliyoharibika d. Mwenye Dd ni mzima, kwa sababu nakala moja nzima inatoa daineini ya kutosha. Lakini ni mbebaji. Mgonjwa ni dd. Baba Dd akimwoa mama Dd, watoto hutarajiwa kuwa DD 1, Dd 2, dd 1. Nafasi ya kila mtoto kuugua ni 1/4, na kila mimba huanza hesabu upya. Usiandike kwamba "mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata watakuwa wazima". Jeni hazipangi foleni.

Katika jamii nyingi za kwetu wazee hukataza watu wa ukoo mmoja kuoana. Kwa aleli zilizofichika, katazo hilo lina faida, kwa kuwa ndugu wa karibu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba aleli ileile. Lakini angalia: ukoo tunauhesabu upande wa baba, na jeni hazina upande. Mtoto wa mama mdogo ni wa ukoo mwingine, ila damu ni ileile.

Maswali ya kujipima

1. Wazazi wote ni Dd na wana watoto watatu. Kuna uwezekano gani kwamba angalau mmoja ni mgonjwa? Tafuta kwanza uwezekano wa wote kuwa wazima: 3/4 × 3/4 × 3/4 = 27/64. Kwa hiyo angalau mmoja mgonjwa ni 1 − 27/64 = 37/64.

2. Neema ni mzima, kaka yake ni dd, wazazi wao ni wazima. Kuna uwezekano gani kwamba Neema ni mbebaji? Wengi huandika 1/2. Lakini tumeshaambiwa Neema si dd, hivyo zimebaki nafasi tatu: DD moja, Dd mbili. Jibu ni 2/3.

3. Mume na mke wote wana silia zisizopiga, ila mume ni mmoja wa wachache ambao mbegu zao huogelea. Watoto wao wote wanne ni wazima. Je, sheria ya Mendel imevunjwa? Hapana. Jeni zilizoharibika ni mbili tofauti. Mume ni ddEE, mke ni DDee, na kila mtoto ni DdEe: amepata nakala nzima ya D kwa mama na nakala nzima ya E kwa baba. Kwa Klamidomonasi jambo hili huonekana kwa macho. Seli mbili zilizopooza kwa jeni tofauti zikiungana, saitoplazimu zao huchanganyika, kila moja humpa mwenzake protini aliyoikosa, na flagela zilizokuwa zimelala huanza kupiga.

4. Mwanafunzi anasema: "Silia zimepooza, kwa hiyo mirija ya 9+2 haipo." Tumia ugunduzi wa mwaka 1976 kumsahihisha, kwa sentensi zisizozidi tatu na mchoro mmoja.